Jessica Mitford aliona bei ya kilio, hakuona nani anabaki na kaburi

Wandugu, kila mara mmoja wetu anapofiwa, orodha ya michango inapita kwenye simu: sanduku, morgi, gari, viti, chakula, kitenge cha familia. Na hapakosi kijana mwenye lisansi anayesema: "Wazungu walishaacha hii mambo. Wanachoma mutu, siku mbili yote imeisha." Wazee wanakasirika, vijana wanacheka, na tunaendelea kuchanga.

Hoja ya huyo kijana njo imenipeleka kwenye kitabu The American Way of Death cha Jessica Mitford, kilichotoka 1963. Wengi wanakitaja wakieleza kwa nini familia za Marekani zilianza kuacha kuzika na kuchagua kuchoma. Nasema mapema: kwa mambo ya bei ni kitabu kikali sana. Kwa swali letu, kinajibu nusu tu.

Mitford alizaliwa Uingereza katika familia ya wakubwa, akahamia Marekani 1939, akawa mkomunisti na mwandishi wa habari. Bwana yake, Robert Treuhaft, alikuwa avoka wa vyama vya wafanyakazi. Huyo bwana aliona jambo la ajabu: mfanyakazi akikufa, chama kinamupa mjane pesa ya kufiwa, na gharama ya mazishi inatoka karibu sawasawa na ile pesa. Kumbe muuzaji hatafuti kujua familia inataka nini. Anatafuta kujua iko na ngapi.

Hapo njo nguvu ya kitabu. Mitford anatuingiza ndani ya duka na kutuonyesha namna masanduku yanapangwa ili mtu mwenye huzuni apate haya ya kuchukua ile ya bei ndogo. Anaonyesha kwamba dawa ya kuhifadhi maiti inauzwa kana kwamba sheria inailazimisha, wakati mara nyingi sheria hiyo haiko. Anaeleza ile kazi ya dawa hatua kwa hatua, tena kwa kuchekesha. Kuna mchapishaji aliyetaka sura hiyo iondolewe, yeye akakataa. Ukimaliza kusoma unaelewa kwamba kinachouzwa pale si mbao. Ni haya.

Kitabu kilisaidia kubadilisha mambo. Wakati kinatoka, Wamarekani waliochomwa walikuwa chini ya 5 kwa 100. Leo wamepita 60 kwa 100. Tangu 1984 kuna kanuni ya serikali inayomulazimisha mwenye duka la mazishi kutoa orodha ya bei, kitu kwa kitu, na kumukataza kudanganya kwamba dawa ni lazima. Ukitaka maiti ichomwe moja kwa moja, hawezi kukulazimisha kununua sanduku. Na mwaka uleule wa 1963, Kanisa Katoliki liliondoa katazo lake juu ya kuchoma, ingawa 2016 Vatikani ilikumbusha kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, yasimwagwe wala yasiwekwe nyumbani.

Lakini bei peke yake haitoshi kueleza haya yote. Mwaka 2023, kwa hesabu ya wenye maduka ya mazishi wenyewe, kuzika pamoja na ibada na kuaga mwili kulikuwa kadiri ya dola 8,300, bila kuhesabu kiwanja cha kaburi. Kuchoma pamoja na ibada ileile kulikuwa kadiri ya dola 6,280. Ni kweli, anayechoma bila ibada analipa kidogo zaidi. Lakini angalia vile muuzaji alivyoufuata moto. Mitford mwenyewe aliliona hilo. Alikufa 1996, naye akachomwa, na toleo jipya la kitabu chake, lililotoka 1998, linalalamika kwamba kuchoma nako kumeanza kuwa ghali.

Kitu ambacho Mitford hakukipa uzito ni hiki: kaburi linataka watu wanaobaki. Marekani mtoto anazaliwa mji huu, anasoma mji ingine, anafanya kazi mbali na yote miwili. Nani atafyeka majani? Majivu yanasafiri, kaburi halisafiri.

Tuangalie ndugu zetu Wakongomani walioko kule. Mmoja akikufa, familia iko na siku chache za kuchagua. Wanaweza kuzika kule, mahali ambapo watoto wanaweza kuhama kesho. Wanaweza kurudisha mwili kwa dola maelfu, barua na vibali. Ao wanaweza kuchoma, na bibi kijijini aseme: "Basi mtoto wangu hakuzikwa." Hakuna orodha ya bei inayomujibu huyo bibi. Mitford anahesabu misumari ya sanduku vizuri sana, lakini haketi na bibi.

Kuna hoja ingine iliyokuja nyuma ya kitabu: mazingira. Hapa niruhusuni niseme kama mtu wa agronomi. Majivu ya mwili si kama majivu ya kuni. Tanuri linapita digrii 760, karibu saa mbili, na kinachobaki ni mifupa inayosagwa: kalsiamu fosfati, pamoja na chumvi. Ukiyamwaga mengi kwenye mti mchanga, mizizi inaumia. Na lile tanuri mara nyingi linakula gesi. Kwa hiyo tusimudanganye bibi kwamba mtoto wake "atakuwa mti".

Hii haina maana kwamba anayechagua moto kwa ajili ya mazingira anakosea. Wangari Maathai wa Kenya, aliyepanda miti maisha yake yote, aliomba asizikwe kwenye sanduku la mbao. Mwaka 2011 aliwekwa kwenye sanduku la mianzi, mafunjo na magugu maji, akachomwa pale Kariokor, Nairobi. Hakuwa anakimbia gharama. Kifo chake kilifanana na kazi yake, na alikuwa amesema mapema anachotaka.

Sasa turudi kwetu. Katika kilio chetu pesa mingi haiendi kwa muuzaji wa sanduku. Inaenda kwenye sufuria, viti, vinywaji, siku za kulala pamoja na wafiwa. Na jirani anayekula leo njo yule atakayelala kwako siku yako. Hiyo ni mali, na Mitford hana safu yake kwenye hesabu. Lakini ile haya aliyoikuta dukani iko kwetu pia, ila sisi hatuna duka moja la kulaumu. Tunaiuza sisi wenyewe kwa sentensi moja: "Tusimuzike kama mbwa!" Sentensi hiyo inamaliza minervali ya mayatima kabla ya wiki kuisha. Mjane anasaini deni mbele ya wajomba, na wajomba wanarudi kwao.

Njo maana sikubaliani na kijana wetu. Tukileta tanuri bila kuondoa haya, tutakuwa na tanuri ya gharama kubwa, na kilio cha wiki mbili kando yake. Cha kuchukua kwa Mitford si moto. Ni tabia ya kuuliza mbele ya kulipa: hii inalazimishwa na nani? Na kwa Maathai tuchukue tabia ya kusema mbele ya kufa.

Kwa hiyo orodha ingine ikifika kwenye simu, tusianze kubishana moto ao udongo. Tuisome mstari kwa mstari na tuulize bila kuogopa: hii ni ya marehemu, ni ya wanaobaki, ao ni ya macho ya watu?