Njia Kuu Haina Daftari: Namna ya Kuupima Mji wa Sumbawanga

Mwenye duka akitaka kujua kama amepata au amekula hasara, hulifungua daftari lake usiku, akaweka mauzo upande huu na madeni upande ule, na kabla ya kulala akawa ameijua hali yake; bali njia kuu ya mji, ambayo ni maduka yaliyopangana pamoja na wachuuzi, wachukuzi, mama lishe, mafundi cherehani na mawakala wa fedha za simu, haina daftari lake, na kila anayetaka kuipima hulazimika kuazima daftari la mtu mwingine lililoandikwa kwa haja nyingine. Hapo ndipo penye mushkeli wote wa fani hii, nami nataka tukae hapo kwa wasaa, tukiuchukua mji wa Sumbawanga kuwa mfano, maana ni mji uliojengwa juu ya uwanda wa Ufipa, usio na reli wala bandari yake mwenyewe, ambao wateja wake wengi hawalali ndani yake.

Daftari la kwanza ni la halmashauri. Mwaka 2012 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 255 kwa programu ya kuziimarisha serikali za miji, iliyojulikana kwa kifupi kuwa ULGSP, nayo ikaikusanya miji 18, Sumbawanga ukiwa mmojawapo. Tadbiri yake ilikuwa njema, kwa kuwa fedha zilifuata maksi: kila mwaka halmashauri zilipimwa katika mipango miji, katika mapato ya ndani, katika utunzaji wa fedha, katika ujenzi na matunzo ya miundombinu, na katika uwajibikaji, kisha iliyofanya vizuri ikapewa kwa kadiri ya ilivyofanya. Sina neno juu ya insafu ya utaratibu huo. Walakini aliyepimwa pale ni mtumishi, na njia yenyewe ikabaki bila kupimwa. Kwani maksi hizo zaweza kukuarifu kwamba hesabu zimekaguliwa na mtaro umekamilika kwa wakati, lakini hazikuambii kama mwenye fremu ya duka aliye kando ya mtaro ule anauza kuliko mwaka jana, wala kama abiria anayeshuka katika stendi iliyowekwa mbali na soko, kama ile ya Katumba Azimio, bado hupita mbele ya maduka kwa miguu au hupanda bodaboda na kutokomea.

Daftari la pili ni la ushuru, na hili nalitazama kwa kirefu zaidi, maana aghalabu ndilo linaloaminiwa. Mwaka 2017 Serikali iliupunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, tena ikamwondolea kabisa ushuru yule anayesafirisha mzigo usiofika tani moja kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Mkulima alistahiki nafuu hiyo, na ingalikuja mapema zaidi ingalikuwa heri. Lakini mpimaji na aelewe kilichotokea katika karatasi zake: mwanamke aletaye magunia sita ya maharage kutoka Laela hupita kizuizini bila mashine ya POS kutoa hata tiketi moja, akauza, akanunua khanga, sukari na madaftari ya watoto, na katika hesabu za mji huyo hakuja kabisa. Kumi wa namna yake wanatosha kujaza lori dogo.

Kodi ya majengo nayo zamani ilikuwa na faida kwa mpimaji, maana palipokuwa na uthamini wa kweli, kodi ilipanda kadiri nyumba ilivyokaribia soko, na mtu aliyeisoma orodha ya wathamini aliweza kuichora njia kuu bila kuondoka mezani. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa katika umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, viwango vilivyopandishwa mwaka 2023 kuwa 1,500 na 7,500. Ukusanyaji umekuwa mwepesi, wala hakuna tena foleni. Ila nyumba ya chini inayotazamana na soko na nyumba ya chini iliyoko pembezoni mwa mji, huko Chanji, zimekuwa sawa mbele ya kodi, na kwa hiyo kodi haina tena la kutuambia kuhusu thamani ya mahali.

Wafanyabiashara wenyewe, hata hivyo, hawakupoteza kipimo chao. Katika miji yetu yako malipo yanayoitwa kilemba, nayo ni fedha anayotoa mtu ili apishwe katika fremu na mpangaji aliyetangulia, mbali na kodi ya mwezi. Kilemba hakiandikwi katika mkataba wa pango wala hakionekani katika kitabu cha mapato, lakini hakidanganyi, maana hapana mtu anayelipa fedha yake ili aingie mahali pasipopita watu. Mimi naona kwamba mpaka wa njia kuu ni pale kilemba kinapokoma, hata kama ramani ya mipango miji inauchora mbele au nyuma ya hapo. Na karani mwenye adabu, akiketi na wenye maduka kwa siku mbili tatu na kuahidi kuficha majina yao, atayajua haya bila shida kubwa.

Daftari la tatu ni la barabara ya kutoka Tunduma. Tarehe 17 Februari 2008 Rais Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini mjini Dar es Salaam mkataba wa Changamoto za Milenia, wa dola milioni 698, na katika kazi zake ilikuwamo lami ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga kwa kupitia Laela, takriban kilomita 223. Kazi ya namna hiyo hupimwa kwa idadi ya magari kwa siku na kwa ulaini wa uso wa barabara, kisha hupigwa hesabu ya mafuta na wakati vilivyookolewa. Ni vipimo sahihi kwa barabara inayounganisha miji, ila gari linalopita moja kwa moja huhesabiwa sawasawa na gari linaloshusha, tena lami hiyo hiyo imletayo mfanyabiashara Sumbawanga humpeleka mnunuzi Tunduma na Mbeya. Wingi wa magari peke yake hauamui ni nani kati ya hao wawili aliyezidi.

Basi tushike lipi? Mjuzi wa jiografia wa Kijerumani, Walter Christaller, katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya miji ya kusini mwa Ujerumani, alitumia hila nyepesi yenye hekima kubwa. Alizihesabu simu za kila mji, kisha akaondoa zile ambazo mji ungestahiki kwa wingi wa wakaazi wake, kama ungekuwa na simu kwa uwiano ule ule wa jimbo zima. Kilichosalia akakifanya kuwa kadiri ya huduma ambayo mji huwapa majirani zake. Leo simu i katika kila mfuko, nayo haipimi tena kitu, lakini kanuni imebaki hai, kwamba mji hupimwa kwa ziada yake.

Hesabu za sensa zatuwezesha kuitumia. Mwaka 2012 Manispaa ya Sumbawanga ilikuwa na watu 209,793 katika Mkoa wa Rukwa wenye watu 1,004,539. Mwaka 2022 ilikuwa na 303,986 katika mkoa wenye 1,540,519. Mji umekua kwa karibu asilimia 45, na mtu wa mipango angefurahi. Ila katika miaka ile ile Wilaya ya Sumbawanga iliyouzunguka mji ilitoka watu 305,846 hadi 494,330, yaani karibu asilimia 62, hata sehemu ya mji katika mkoa ikapungua kutoka asilimia 20.9 hadi 19.7. Tuchukue kwamba ni moja ya tano. Ikiwa mkoa mzima una maduka 100 ya vifaa vya ujenzi, haki ya mji ni 20. Tuseme yakikutwa 60, basi 40 ni ya watu wa Matai, Namanyere, Laela na Mtowisa, na yeyote anayepanga njia kuu kwa kuangalia wakaazi wa mitaa ya mji kama Majengo na Kizwite peke yao ameisahau theluthi mbili ya kazi yake. Na hesabu hii irudiwe kila baada ya miaka michache, kwani Katavi ilipojitenga na Rukwa kuwa mkoa mwaka 2012 iliondoka na Mpanda, na makao ya halmashauri ya wilaya yalipohamishiwa Laela yaliondoka na watu wenye shida za ofisini, ambao kila siku walikuwa wakinunua japo chai na vitumbua.

Ziada hiyo nayo haikai pahali pamoja mwaka mzima. Mvua za Ufipa hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, mahindi na maharage hutoka shambani baada ya hapo, na fedha huonekana mikononi katika miezi ile ya baridi kali na upepo. Ilhali Februari mkulima anatazama ghala linalopungua. Mpimaji aliyesimama sokoni siku moja ya Julai ataandika mji tajiri, na mwenzake wa Februari ataandika mji uliofilisika, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Sharti hesabu ifanywe mara nne kwa mwaka, kwa siku zile zile za juma, na siku za minada ya vijijini zikitengwa, maana siku hizo mji huwafuata wateja wake. Wala magunia yasihesabiwe kwa idadi: sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, bado lipo, na magunia hamsini ya lumbesa si magunia hamsini.

Kwa hiyo ningependa halmashauri iwaweke makarani wanne katika miingilio minne ya mji, wenye maswali mawili kwa kila mpitaji: umetoka wapi, na umefuata nini? Karani atakayefika saa tatu asubuhi, jua likishapasha, atakuwa amewakosa walioingia na mchele wa bonde la Rukwa na dagaa wa Kirando kabla ukungu haujainuka. Na asiondoke adhuhuri. Alasiri ataliona gari la Muze likipakiwa, na dereva akiwahimiza abiria ili ateremke mlima wa Lyamba lya Mfipa kabla ya giza. Hapo azihesabu bati zilizofungwa juu ya keria, mifuko ya saruji, katoni za sabuni, na aandike saa gari lilipoondoka.