Hongera, Mwalimu wa Sheria ya Mataifa

Mvuvi wa Msimbati, Mtwara, akitega nyavu karibu na mlango wa Mto Ruvuma haoni mstari wowote wa mpaka majini. Lakini upo: Tanzania na Msumbiji zilitia saini mkataba wake Desemba 1988. Sheria ya mistari kama hiyo ina walimu wake, na leo nampongeza mmoja: Profesa Chris Maina Peter. Alipata uzamivu Konstanz, Ujerumani, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 akaingia Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, inayokutana Geneva. Kwangu, kule kurudi darasani ndiko kukubwa zaidi. Walimu wa Mtwara, mwanafunzi wenu mbishi msimfukuze. Mwelekezeni akasome sheria, ambako ubishi una kazi.