Unga wa Chupa Kumi

Samaki mmoja akioza wote wameoza, lakini mahindi hayaifuati methali hiyo. Ndani ya gunia moja, punje moja yaweza kubeba sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu, kwa wingi wa ajabu na jirani yake ikawa safi kabisa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo. Maabara inayotakiwa kuona kitu kidogo namna hiyo huhitaji unga rejea, yaani unga ambao sumu yake imekwisha kujulikana, ili ijipime nao. Unga huo hutiwa katika mamia ya chupa, na ukiwa umetofautiana chupa kwa chupa, maabara mbili zitapata majibu mawili na yote mawili yatakuwa kweli. Basi anayepima kufanana kwa chupa hizo anastahili sifa kuliko tunavyompa.

Kusaga ndiko kunakoitimiza methali: punje mbovu huvunjwavunjwa na uozo wake ukaenea kote. Lakini unga una tabia zake. Tazama anayepepeta: akitikisa ungo, wishwa na chenga hutengana. Ufundi huo huo unaotusaidia jikoni huharibu kazi kiwandani, kwani mtikisiko wa mashine ya kujaza chupa nao hutenga chembe kubwa na ndogo. Ndiyo sababu asemaye kwamba kuchanganya vizuri kunatosha hanishawishi. Kuchanganya ni nia njema. Matokeo yake hayaonekani kwa macho. Mpimaji huchagua chupa, angalau kumi, kwa kura, tangu mwanzo wa ujazaji hadi mwisho wake. Kila moja huichota mara mbili, kisha huipima michoto yote 20 kwa mpangilio uliochanganywa, maana akifuata namba za chupa, mashine ya kupimia ikichoka kuelekea jioni uchovu wake utaonekana kama kasoro ya unga. Hapo hutumia hesabu aliyoieleza Ronald Fisher wa Rothamsted, Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1925: mtawanyiko kati ya chupa hugawanywa kwa mtawanyiko wa michoto ya chupa moja. Kwa chupa kumi zilizochotwa mara mbili, uwiano ukizidi 3.02, ni vigumu kuusingizia bahati, kwa kuwa bahati peke yake huufikisha huko mara 5 tu katika 100.

Pingamizi lililo zito ni jingine, nami nalikubali kwanza kabla ya kulijibu. Mashine ya kupimia ikiwa butu, michoto ya chupa moja itapishana sana, uwiano utashuka, na unga mbaya utapita. Naam, utapita. Kutoona tofauti si sawa na kutokuwapo tofauti, na anayeishia kwenye neno “umefaulu” ameiacha kazi katikati. Fundi wa kweli huuliza zaidi: kwa ubutu huu wa mashine yangu, ni tofauti kubwa kiasi gani ingeweza kujificha nisiione? Huikokotoa, kisha huiingiza katika kiasi cha shaka kinachoandikwa kwenye cheti kando ya thamani ya sumu. Hapo ndipo ninapouona uzuri wa kazi hii. Inamlazimisha mtu kutia saini chini ya kile asichoweza kukiona, kwa namba, ili asomaye ajue aamini hadi wapi. Kwamba chupa kumi ni chache mbele ya mia tano, ni kweli pia, na uchache huo nao umo ndani ya hesabu hiyo hiyo.

Katika cheti hicho kuna mstari ambao wengi huuruka: kiasi cha chini cha kuchota. Kama chupa zilijaribiwa kwa gramu 25, kufanana kumethibitishwa kwa gramu 25. Anayechota gramu mbili ili aubanie unga wa bei ghali amerudi kwenye gunia, anabahatisha punje.