Mtungi wa Udongo na Kilichomo: Fani na Maana katika Nyimbo za Bendi ya Jars of Clay

Bendi ya roki ya Kikristo ya Jars of Clay iliundwa mwaka 1993 na wanafunzi wa Chuo cha Greenville, katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Jina lake limetokana na Waraka wa Pili wa Paulo kwa Wakorintho, 4:7, ambapo mtume anaeleza kwamba hazina waliyopewa waumini imewekwa katika vyombo vya udongo, ili ijulikane kuwa uwezo hautoki kwenye chombo. Kwa mhakiki, jina hilo ni mtego. Linamshawishi aigawe kila kazi ya bendi hii vipande viwili: muziki uwe mtungi na imani iwe hazina, mtungi utupiwe jicho la haraka, hazina ihesabiwe kwa makini. Nyimbo za Jars of Clay zimesomwa hivyo mara nyingi, na waliozipenda na waliozishuku pia.

Uhakiki wa Kiswahili unaufahamu mgogoro huu kwa sura nyingine. Ulinganisho wa fani na kikombe, na wa maudhui na chai iliyomo ndani yake, ulikwishakosolewa kwa sababu unadokeza kwamba chai ile ile yaweza kumiminwa katika kikombe chochote isibadilike ladha. Badala yake pakapendekezwa mfano wa pande mbili za sarafu moja. Mjadala huo ulihusu ushairi, riwaya na tamthilia, lakini unaufaa muziki wa kidini kuliko hata tanzu hizo, kwa kuwa katika muziki wa kidini wapo wasikilizaji wenye sababu ya kiimani ya kutaka maudhui yapimwe peke yake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba katika nyimbo bora za Jars of Clay maana haipo nje ya mtungi. Imo katika uhusiano wa nafsineni na nafsinenewa, na katika mwenendo wa ala pale maneno yanapositasita. Uhusiano huo unapolegea, hata imani iliyotamkwa wazi husikika nyepesi.

Suala hili halikuwa la nadharia tu. Mwaka 1998 chama cha muziki wa injili cha Marekani, GMA, kilitoa fasili rasmi ya wimbo wa injili kwa ajili ya tuzo zake. Fasili hiyo ilikubali mtindo wowote wa muziki na kuweka mzigo wote kwenye maneno: ndiyo yalipaswa kutokana na ukweli wa Biblia, kuwa tendo la kuabudu, kuwa ushuhuda wa mwimbaji, au kuonyesha mtazamo wa Kikristo. Kwa kipimo hicho, sauti ya gitaa haina imani wala haikosi imani. Ni kikombe cha chai kilichopewa muhuri wa taasisi.

Wimbo unaokipa kipimo hicho taabu kubwa zaidi ulikuwa umeshatoka miaka mitatu kabla. “Flood”, uliomo katika albamu ya kwanza ya bendi (1995), ulipigwa na vituo vya redio vya roki visivyo vya kidini, na mwaka 1996 ukafika nafasi ya 37 katika chati ya Billboard Hot 100. Nafsineni wa wimbo huo yumo katika mvua isiyokatika. Anajiona akichanganyika polepole na tope; hana hakika kama ataweza kuogelea; anaomba ainuliwe asizame. Anayeombwa hatajwi. Alama pekee inayomwelekeza msikilizaji kwenye Maandiko ni idadi ya siku, arobaini, ambayo inarejea gharika ya Nuhu katika kitabu cha Mwanzo.

Wengi waliouchambua wimbo huu waliridhika na ugunduzi huo wa gharika, wakahitimisha kuwa ni hadithi ya Nuhu katika vazi jipya. Usomaji huo unapita juu ya jambo la msingi. Katika Mwanzo, masimulizi yanabaki na wale waliomo safinani. Walioachwa nje wanatajwa kwa jumla, kisha maji yanawafunika. Nafsineni wa “Flood” hayumo safinani. Miguu yake haigusi ardhi, na maji yanamzunguka. Amesimama mahali pa waliohukumiwa, na kutoka hapo ndipo anapoomba. Kiimani, hilo ni jambo zito kuliko kuisimulia gharika upya, kwa maana linampa sauti mtu ambaye simulizi asilia halikumpa hata jina.

Muziki ndio unaothibitisha usomaji huu. Magitaa yasiyotumia umeme yanapigwa kwa kasi na kwa nguvu, na kasi hiyo haimpi mwimbaji nafasi ya kutulia. Laiti maneno hayo hayo yangeimbwa polepole juu ya kinanda, yangekuwa maombi ya mtu aliyekwisha kukubali matokeo. Utulivu unakuja mara moja tu, katika kipande cha mpito, ambapo mapigo yanapungua na ala za nyuzi za kupigwa kwa upinde zinachukua nafasi. Katika kipande hicho, na hicho pekee, mawimbi yanaitwa dhambi na hatia. Mahali palipochaguliwa kuwekea maneno hayo ni sehemu ya maana yake. Aliyezima redio mapema alisikia kilio cha mtu aliyekata tamaa. Aliyesubiri alisikia ungamo. Kisha kasi inarudi, na wimbo unakwisha ombi likiendelea, pasipo mkono wowote kuonekana ukimwinua mwombaji.

Lipo pingamizi linalopaswa kupewa haki yake, kwamba utata huo ulikuwa mbinu ya soko: bendi ilificha jina la Mungu ili iuze pande zote mbili. Ni kweli kwamba soko liliuzawadia utata huo. Hata hivyo, maombi yasiyojibiwa ndani ya maandishi yenyewe hayakubuniwa na kampuni za rekodi. Zaburi ya 69 inafunguka kwa mtu anayezama katika tope asipoweza kusimama, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja. Anayeudai “Flood” jibu anapaswa kuidai Zaburi ya 88 pia. Tena, tope lina uzito wake katika kazi ya bendi yenye jina hili. Mtungi wa udongo ukikaa majini muda mrefu kabla ya kuchomwa, unarudi kuwa tope. Nafsineni anayeyeyuka mvuani ni chombo kinachopoteza umbo, na hapo swali la hazina iliyomo ndani linaachwa likielea.

“Liquid”, wimbo mwingine wa albamu hiyo, ulitayarishwa studioni na Adrian Belew, mpiga gitaa wa King Crimson, ambaye ndiye pia aliyetayarisha “Flood”. Unafunguka kwa sauti za kwaya zinazofanana na uimbaji wa watawa wa Ulaya ya zama za kati, na juu ya sauti hizo mwimbaji mmoja anamhoji mtu aliyegongomelewa kwa misumari. Beti zake ni maswali matupu: je, kuna jambo anataka kulisema? Anamtafuta nani? Anakufa bure? Kibwagizo kinasisitiza kwamba lipo jambo moja ambalo nafsineni analijua, lakini jambo lenyewe halifafanuliwi. Jina la Yesu halitajwi.

Maneno ya wimbo huu yakiandikwa kwenye karatasi, yanabaki kuwa shaka ya mtu mmoja. Kwaya ikisikilizwa peke yake, inabaki kuwa pambo la kale. Maana inazaliwa pale vitu hivyo viwili vinapowekwa pamoja: sauti moja inayouliza imebebwa na sauti nyingi ambazo zimekuwa zikiimba kwa karne nyingi kabla yake. Muulizaji hayuko peke yake hata anapodhani yuko peke yake. Hakuna mstari unaolitamka hilo. Linatamkwa na mpangilio wa sauti. Mhakiki anayehesabu majina ya Mungu ataupa wimbo huu sifuri, ilhali ndio wimbo wa Msalaba wenye nguvu kuliko wote katika albamu hiyo.

Wimbo wa “Love Song for a Savior”, kwa upande mwingine, unamtaja Mwokozi tangu kwenye kichwa chake, na kibwagizo chake kinarudiarudia hamu ya kumpenda. Unapendeza, na makanisa mengi yaliupokea kwa furaha. Lakini muziki wake unakubaliana na maneno kila hatua, wala haubishani nayo popote. Kwa sababu hiyo msikilizaji anaelewa kila kitu mara ya kwanza, na mara ya pili hapati zaidi. “Worlds Apart” unakwenda mbali zaidi kwa kutumia maneno machache. Kichwa chake kinaashiria dunia mbili zilizotengana, lakini ndani ya wimbo maneno hayo yanageuzwa kuwa ombi kwamba dunia ya nafsineni ivunjwevunjwe. Umbali unakuwa ubomoaji, na sauti zinazopandana kuelekea mwisho zinalifanya ombi hilo lisikike kama jambo ambalo limekwisha kuanza kutendeka.

Albamu ya pili, Much Afraid (1997), ilipata tuzo ya Grammy, na kwa sehemu kubwa ni ya upole kuliko ile ya kwanza. Kinachostahili kutajwa hapa ni jina lake, ambalo lina historia katika fasihi ya Kikristo ya Kiingereza. Hannah Hurnard alimpa mhusika wake mkuu jina hilo katika masimulizi ya mafumbo ya mwaka 1955. Kabla yake, katika sehemu ya pili ya The Pilgrim's Progress ya John Bunyan (1684), Much-afraid ni binti wa Bwana Kukata Tamaa. Bunyan anasimulia kwamba binti huyo aliuvuka mto wa mauti akiimba, na kwamba hakuna aliyeelewa alichokuwa akiimba. Ni vigumu kupata taswira inayoifaa zaidi bendi iliyokwisha kulaumiwa kwamba nyimbo zake hazieleweki ni za nani.

Miaka iliyofuata inaweza kupitiwa kwa haraka hadi mwaka 2006, ilipotoka albamu ya Good Monsters. Humo, “Oh My God” unachukua msemo unaotumika kama kiapo, kama mshangao na kama sala, sawa na “Mungu wangu!” ya Kiswahili, na kuuweka vinywani mwa watu wa kila namna, wezi na waponyaji pamoja. Muziki unaanza kwa sauti ya chini na kupanda polepole hadi kuwa kelele, na katika kupanda huko msikilizaji anashindwa kutambua ni wapi kiapo kimekoma na sala imeanza. Ni mbinu ile ile ya “Flood”, isipokuwa sasa aliyeko nje ya safina si mtu mmoja.

Albamu hiyo hiyo ina wimbo unaoihusu Afrika moja kwa moja. Mwaka 2004 bendi ilikuwa imeanzisha shirika la Blood:Water Mission, lenye kushughulikia maji safi na UKIMWI barani Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Maji yaliyokuwa mauti katika “Flood” yakawa kisima. Ingetarajiwa kwamba wimbo wa kipindi hicho ungekuwa wa kuchangisha fedha. “Light Gives Heat” ni kinyume chake. Unawakejeli mashujaa wa Magharibi wanaokuja kuwaokoa watoto kutoka katika nchi zao wenyewe, wanaojidai kujua yaliyo bora kwa watu wasiowajua, na wanaowatendea kana kwamba ni vipofu. Nuru waliyokuja nayo inachoma. Taswira ya misalaba inayowaka moto inawarudisha hadi kwenye ubaguzi wa rangi wa nchini mwao. Na mvua imerudi, safari hii ikikingwa kwa mikono mitupu.

Uthabiti wa wimbo huu, na udhaifu wake pia, umo katika nafsi. Kuna mahali “sisi” ni waokozi wanaojisifu, na kuna mahali “mimi” ni yule anayetendewa kama kipofu. Nafsi hizo mbili zinaimbwa na mdomo mmoja, wa Dan Haseltine, Mmarekani mweupe. Kama kejeli dhidi ya kundi lake mwenyewe, “sisi” inamfaa barabara. “Mimi” ni ya kuazima, na hapo ndipo sauti za African Children's Choir zinapoitwa ziutie wimbo uhalali. Kwaya hiyo ilianzishwa na Ray Barnett mwaka 1984 kutokana na hali ya watoto wa Uganda walioathiriwa na vita, na kazi yake imekuwa kuzunguka Amerika Kaskazini na Ulaya ikiimba na kuchangisha fedha. Kwa maneno mengine, watoto hao wanafika ndani ya wimbo kwa njia ile ile ambayo wimbo unaishutumu.

Je, huo ni unafiki au ni ukweli uliokamilika zaidi? Kwa kipimo cha maneno pekee, swali haliwezi hata kuulizwa, kwa kuwa maneno yanasimama upande wa haki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Linaulizika tu mtungi unapochunguzwa. Katika “Liquid” kwaya ilikuwa na umri na uzito kuliko mwimbaji, naye akabebwa nayo. Katika “Light Gives Heat” uhusiano umepinduliwa: Haseltine anaongoza, na watoto wanaongeza uzito kwenye shutuma ambayo tayari imekwisha kutungwa kwa niaba yao. Tofauti hiyo ya mpangilio ndiyo inayofanya wimbo wa pili, pamoja na ujasiri wake wote, ubaki ni mazungumzo ya Wamarekani kuhusu Wamarekani. Pale sauti za watoto zinapoingia, linasikika pia jambo ambalo watunzi hawakuliandika: kwamba wapo wengine wenye cha kusema juu ya nuru hiyo na joto lake, nao bado hawajapewa ubeti.