Tarakimu Kumi na Sita

Nyakiriba, wilayani Rubavu, mawakala wa Irembo, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, wanastahili pongezi kila Julai, mwaka mpya wa mituweli, bima ya afya ya jamii, unapoanza. Bima hiyo iko chini ya Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda (RSSB) tangu 2015.

Kazi yenyewe, kuhakiki namba za wanafamilia, ni ya macho. Namba ya kitambulisho cha Rwanda ina tarakimu 16, ikianza na 1, kisha mwaka wa kuzaliwa, halafu 8 kwa mwanamume au 7 kwa mwanamke. Wakala huzisoma kwa sauti, mzazi akifuatisha kwenye kadi. Kijana aliyefikisha miaka 16 na kupata kitambulisho chake huhakikiwa pia.

Uchovu? Upo, na foleni haipungui. Lakini jina likionekana kwenye mfumo na mchango ukilipwa, mgonjwa hulipa faranga 200 tu kituo cha afya, na asilimia 10 hospitalini.