Kuufunza Mkono Usikimbilie Chipsi

Mafunzo ya kompyuta ya kubadili ulaji hulenga mvuto usio wa makusudi: mkono unaofuata chakula kabla mwenyewe hajaamua. Katika njia iliyochunguzwa sana, picha hupita haraka kwenye skrini. Yenye ishara ya ruhusa hubonyezewa kitufe. Yenye ishara ya katazo huachwa ipite. Kinachofanya kazi ni upangaji. Vyakula vya mafuta na sukari huja na katazo kila mara, matunda na mboga huja na ruhusa. Kwa kurudiwa-rudiwa, chakula kilichokatazwa huzoeleka pamoja na kusita, na utamu wake machoni hupungua.

Mwaka 2015 Natalia Lawrence na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha jaribio la watu wazima 83. Mafunzo yalikuwa vipindi 4 vya dakika 10 ndani ya wiki moja. Kundi la kulinganisha lilifanya zoezi hilohilo kwa picha zisizo za chakula. Waliofunzwa kujizuia na biskuti, chokoleti na krispi walipungua wastani wa kilo 0.7 hivi, na ulaji wao ukashuka kwa takriban kilokalori 220 kwa siku.

Haja ya kujizuia ipo pia chini ya Mlima Kenya. Mwaka 2018 Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti 4 za majaribio ya huduma ya afya kwa wote, nayo iliteuliwa kwa wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwemo. Lakini programu ya Exeter haiwezi kuhamishwa ilivyo, kwa kuwa zoezi hufunza picha, si kanuni. Mkazi wa Karatina au Nanyuki angehitaji katazo kwenye chipsi, smoki, mandazi na soda, na ruhusa kwenye mboga za managu na terere, ndizi mbivu na maembe. Kiazi hudai uangalifu: kilekile hupondwa kwenye mukimo na kukaangwa kuwa chipsi, hivyo picha ionyeshe chakula kilichopikwa, isionyeshe kiazi kibichi.

Mipaka ya njia hii hutokana na jinsi inavyofanya kazi. Huweza kumsaidia anayepita kibanda cha chipsi akiwa na njaa na pesa mfukoni. Lakini kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, mwenyeji ndiye anayepakua, na kukataa sahani huhitaji uamuzi wa wazi pamoja na maneno ya adabu. Huko ushauri wa lishe na mazungumzo ya familia bado ndivyo vyenye nguvu.