Kahawa ya Meru na Mikono Inayoiosha

Mwonjaji aliyebobea hahitaji kusoma gunia ili ajue kilichomo kikombeni ni robusta ya Bukoba au arabika ya Meru. Ile ya Bukoba, iliyozoeleka kuanikwa na maganda yake, ni nzito na chungu. Hii ya Meru ina uchachu safi unaoamsha ulimi, na utamu unaochelewa kuja. Mbali na aina yenyewe ya kahawa, sababu kubwa iko mlimani. Udongo wa miteremko ya kusini na mashariki, kutoka Ilboru na Moivaro hadi Akheri, Nkoaranga na Poli, umetokana na volkano, na mvua huangukia upande huo huku Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima, ikibaki kame. Juni hadi Agosti wingu hutanda juu ya migomba, baridi hushika, na matunda huiva polepole. Punje iliyochelewa kuiva huwa ngumu na yenye ladha zaidi, ndiyo maana kihamba (shamba la kahawa na migomba) cha juu na cha chini, hata vikiwa vya kata moja, havitoi kikombe kimoja. Hata hivyo mlima peke yake hauwezi kuifikisha ladha hiyo kikombeni. Kazi iliyobaki ni ya mikono, na mikono hiyo ndiyo tunayoiacha ipotee.

Tazama kazi yenyewe. Mchumaji wa kweli huurudia mbuni uleule mara nyingi kwa msimu, akichuma nyekundu tu na kuziacha za kijani zisubiri, ingawa kukamua tawi zima kwa mkupuo mmoja kungemwokolea siku nzima. Kahawa iliyochumwa asubuhi ni lazima ipite kwenye mashine ya kumenya jioni hiyohiyo, maana ikilala na maganda huanza kuoza na harufu yake haitoki tena. Kisha punje huvundikwa pamoja na utelezi wake. Hapa saa ya ukutani haisaidii: juu kwenye baridi utelezi huchelewa kuachia kuliko bondeni, na usiku wa Julai si usiku wa Novemba. Mwenye ujuzi hutumbukiza mkono, akashika konzi ya punje na kuzisugua. Zikiteleza, bado; zikikwaruzana kama changarawe, wakati wa kuosha umefika. Akizidisha muda, kikombe kitanuka siki. Akiwahi, utelezi uliobaki utaleta ukungu wakati wa kuanika. Baada ya hapo ni maji safi, tena na tena, punje nyepesi zikielea na kutengwa, ndipo nzito zianikwe juu ya meza za waya, zigeuzwe kila mara, zifunikwe jua la adhuhuri linapotaka kuzipasua ngozi, na tena jioni kabla ya umande. Hakuna hatua hata moja inayoongeza ladha ambayo mlima haukuitoa. Kila hatua huizuia isiharibike, na kwa sababu hiyo ni kazi rahisi kudharauliwa: ikifanywa vizuri, haionekani.

Wapo watakaosema kwamba ladha haina hakimu, kila mtu na mdomo wake. Kuna ukweli ndani yake. Wahaya tangu zamani hutafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, na humpokelea nayo mgeni. Watu wa pwani hupenda kahawa nyeusi chungu, yenye tangawizi, pamoja na kashata. Na kwenye miteremko ya Meru yenyewe kinywaji cha asubuhi ni chai ya maziwa. Lakini mifano hiyohiyo inaonyesha kwamba mdomo hufundishwa na kilicho karibu nao. Mhaya aliizoea kahawa kabla haijawa zao la kuuza ng'ambo. Wameru na Waarusha waliipokea kama zao la fedha: ikachumwa, ikaoshwa, ikapelekwa Moshi kukobolewa na kupigwa mnada, bila kurudi nyumbani. Wapo waliozeeka wakipalilia mibuni pasipo kuonja walichokitunza. Hapo hatuwezi kusema wamechagua chai. Hawakuwahi kupewa cha kuchagua.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mkulima mwenyewe: aoshe kwa uangalifu wa nini, ikiwa mizani haijui tofauti? Ana haki. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, kahawa ilinunuliwa kwa kilo mlangoni, na iliyooshwa vizuri ikamiminwa gunia moja na iliyolala na maganda. Hata madaraja ya AA, A na B hupima kwanza ukubwa wa punje, na ukubwa si ladha. Uzembe haukuzaliwa kihambani, ulilipiwa. Matokeo yanaonekana: mibuni inang'olewa ili ipandwe mboga na nyanya, na karibu na mji vihamba vinakatwa viwanja. Mwaka 2018 serikali iliurudisha ununuzi kwenye vyama vya msingi, nayo taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI ya Lyamungu, imetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Hayo ni mema, ila mche usiougua haujui kuvundika. Na jina nalo limemezwa. Wavuta sigara nene za Cuba huuliza kama tumbaku yake imetoka Vuelta Abajo, na swali hilo humlinda mkulima wa kule. Kahawa ya Meru haina muulizaji: huko Japani, kanuni za biashara huruhusu arabika yote ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, iuzwe kwa jina la Kilimanjaro, hata kama ilioshwa Nkoaranga.

Vyama vya msingi vitenge kahawa kwa kijiji, na iliyooshwa vizuri ilipwe bei yake. Hoteli na migahawa ya Arusha, inayopokea wageni wa mbuga kila siku, iandike jina la kijiji kwenye orodha ya vinywaji. Na wewe msomaji unayeishi chini ya mlima huu, nunua nusu kilo ya kahawa ya Meru iliyokaangwa, uliza imetoka kihamba cha upande gani, na usikubali kujibiwa kwamba kahawa ni kahawa tu.